Mke wangu anasoma riwaya za Wamarekani wa zamani, sasa anataka turudi Tanga

*Shangazi, shikamoo. Tuna miaka minane hapa Ohio. Mimi napiga shifti mbili ghalani, mke wangu yuko nyumbani na watoto watatu. Tangu aanze kuazima maktaba riwaya za Wamarekani wa miaka ya hamsini, amebadilika. Jioni tunakula kimya. Juzi ameniambia tuuze nyumba turudi Tanga, kwao Ngamiani, arudie ushonaji alioufanya kabla sijamuoa. Nikamjibu "tutaangalia", lakini moyoni sitaki hata kusikia. Nyumba hii nimeipata kwa jasho, na mkopo wake bado miaka ishirini na miwili. Kitabu anachosoma sasa kinaitwa Revolutionary Road. Nimefikiria kuvificha. Nifanyeje? — Baba Nasra*

Marahaba, mwanangu. Vitabu vya maktaba ukivificha utakuja kuvilipia wewe, kwa hiyo hilo liweke kando. Na hata ukivificha, aliyekwisha kusoma amekwisha kusoma.

Nikueleze kwanza mkeo anasoma nini, maana naona hujavifungua. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, askari wa Marekani walirudi wakaoa, wakazaa, wakakosa pa kukaa. Sheria ya mwaka 1944 iliwasaidia kupata mikopo ya nyumba na kwenda vyuoni. Mwaka 1947 kampuni ya Levitt ikaanza kujenga kwenye mashamba ya viazi ya Long Island, nje ya New York, nyumba zinazofanana kama matofali, mpaka zikapita elfu kumi na saba. Mji wakauita Levittown, na vitongoji vya namna hiyo vikaota kila upande wa nchi. Asubuhi baba anapanda treni kwenda ofisini mjini. Mama anabaki na watoto, friji mpya, mashine ya kufulia, na dirisha linalotazamana na dirisha la jirani lililo vilevile. Waandishi wa wakati ule wakaingia humo ndani kuangalia nani anaongea na nani, na kwa nini mume anauliza "siku yako ilikuwaje?" kisha hasubiri jibu.

Sasa hiyo Revolutionary Road. Ni ya Richard Yates, ilitoka mwaka 1961. Frank na April wanaishi Connecticut na watoto wawili. Frank ana kazi ya ofisini asiyoipenda, na April anatoa wazo: wauze nyumba, wahamie Paris, yeye atafute kazi ya ukarani ili mumewe apate nafasi ya kujijua anataka nini. Frank anakubali. Halafu anaonyeshwa kupandishwa cheo, April anashika mimba ya tatu, na Frank moyoni anashusha pumzi kwa sababu amepata kisingizio. Anaanza kumzungusha mkewe kwa maneno matamu, usiku baada ya usiku, asiseme hata mara moja kwamba hataki kwenda. April anajaribu kuitoa mimba mwenyewe pale nyumbani, anakufa.

Nakwambia mwisho makusudi, ili uelewe kwa nini neno lako "tutaangalia" limenishtua. Hilo ndilo jibu la Frank, na mkeo amelisikia huku kitabu kikiwa mkononi. Unadhani hakulitambua? Kama hutaki kurudi Tanga, mwambie hutaki, na umwambie unaogopa nini hasa. Mficha uchi hazai. Atakasirika, lakini mtakuwa na jambo la kuzungumza mezani.

Ila usimfananishe na April kwa kila kitu. April hakuwa na mtu wa kumpokea Paris. Mkeo ana mama Ngamiani na ana ufundi mikononi, kwa hiyo anachokitaja kina hesabu: cherehani bei gani, pango la fremu kiasi gani, watoto watasoma wapi. Mpe karatasi aziandike. Pengine mtagundua haiwezekani mwaka huu. Pengine mtagundua kwamba anachotaka ni kushona, na kushona hata Ohio kunawezekana.

Na wewe pia umo kwenye vitabu hivyo, mwanangu. Kuna tamthilia ya Arthur Miller ya mwaka 1949, Death of a Salesman. Willy Loman amezunguka maisha yake yote akiuza bidhaa za watu ili alipe nyumba. Anapozikwa, mkewe anamwambia akiwa kaburini kwamba leo ndiyo amelipa malipo ya mwisho ya nyumba, na hakuna atakayekaa ndani yake. Barua yako imenitajia miaka ya mkopo. Haikunitajia unalala saa ngapi, wala mara ya mwisho ulikula mchana na watoto lini. Shifti mbili kwa miaka ishirini na miwili, hebu jiulize unamjengea nani, na atakukuta?

Jambo jingine nataka alisikie mkeo. Hizo nyumba za Levittown zilikuwa na kifungu kwenye mkataba kilichokataza watu weusi kukaa humo. Kwa hiyo anayesoma Yates peke yake anasoma upweke wa waliofunguliwa mlango. Amtafute Gwendolyn Brooks, mtu mweusi wa kwanza kupata Tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi ya Marekani, mwaka 1950. Riwaya yake pekee, Maud Martha, ilitoka mwaka 1953. Ni mwanamke mweusi wa Chicago, mumewe Paul, chumba kidogo chenye mende, na vijisiku vya kawaida. Kuna mahali anampeleka bintiye dukani kumwona Baba Krismasi. Yule mzee anawachangamkia watoto weupe, akifika kwa huyu mtoto anaangalia pembeni. Njiani mtoto anauliza kwa nini hakumpenda, na mama inabidi amdanganye huku hasira imemkaba kooni. Nyinyi mnaolea watoto weusi Ohio hamhitaji mtu wa kuwafafanulia ukurasa huo.

Mimi kwa kweli nampenda Brooks kuliko Yates. Yates ni fundi, lakini hamwachii msomaji pa kupumulia. Maud Martha ana manung'uniko yake kwa Paul na hayafichi, lakini bado anaona mambo madogo na kuyafurahia. Ni kitabu chembamba. Chukua wewe ukisome wakati wa mapumziko kazini, kisha umuulize mkeo lolote kuhusu Paul. Kimya cha mezani hakitavumilia swali hilo.

La mwisho, maana hukuniambia: mkeo ana leseni ya udereva? Wanawake wengi wa kwenye riwaya hizo wamekwama nyumbani kwa sababu gari limeondoka na mume asubuhi, na kitongoji hakina basi. Kama hana, aanze kujifunza mwezi huu. Mlipie mwalimu, usimfundishe wewe. Waume huwafokea wake zao kwenye usukani, na kwa usingizi unaolala wewe, utafoka mara mbili.