Kabla hujasema nyimbo za siku hizi hazina kitu

Nilikuwa kidato cha kwanza nilipofuta kaseti ya taarab ya shangazi yangu. Wa rika langu watakumbuka: ukivunja vile vijimeno viwili vya juu ya kaseti, redio haikubali tena kurekodi. Shangazi alikuwa amevivunja makusudi. Mimi nikatafuna karatasi ya daftari, nikaziba matundu, nikakaa kidole juu ya kitufe nikimsubiri mtangazaji anyamaze. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, Wagosi wa Kaya, kundi la hapa kwetu Tanga, wako juu, na kwa mtoto wa mtaa wa Ngamiani kuwasikia Mkoloni na Dr John wanaimba "Tanga Kunani" redioni ilikuwa kama kusikia jina la mtaa wenu linasomwa kwenye taarifa ya habari.

Shangazi aligundua Ijumaa, baada ya chakula. Hakunipiga. Alisema tu, "Umemfuta Shakila, baba," akarudi jikoni. Shakila ndiye aliyekuwa akiimba ile taarab.

Naieleza aibu hii kwa sababu kila nikikaa barazani nakuta ubishi uleule. Wazee wanasema muziki uliisha zamani. Vijana wanasema zilipendwa zinawaletea usingizi. Nimekuwa upande wa vijana, nimekuwa upande wa wazee, na nimekuwa mfutaji wa kanda, kwa hiyo naomba nisikilizwe kidogo.

Wazee wangu, kwanza nyie. Nyimbo za zamani mnazozisikia leo zimepita kwenye chekeche. Mwaka 1975 zilikuwapo nyimbo mbovu tele, ila hakuna aliyehangaika kuzitunza, kwa hiyo hamzikumbuki. Mnachukua nazi iliyokwisha kuchujwa mnailinganisha na ya jana yenye machicha yake yote. Si haki. Tena lile chekeche lenyewe lilikuwa bovu, liliangusha na nyimbo nzuri. Bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania, lakini santuri nyingi zilichapwa Nairobi, na mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977, haukufunguliwa hadi 1983. Hapo fikiria ndugu wa Kinyonga. Walianzia hapahapa Tanga kwenye Jamhuri Jazz, wakapitia Arusha, wakaishia Kenya na bendi yao ya Simba Wanyika. Vijana wa mji huu wanapiga gita upande wa pili, na sisi wa Tanga, wenye kituo cha mpakani cha Horohoro hapo puani, santuri zao ni za kubahatisha. Wimbo kama huo ukipotea, usiseme ulikuwa mbaya. Ulikosa mtu wa kuubeba.

Sasa vijana. Kosa mnalofanya ni kuanzia pale ambapo kila mtu anaanzia. Mtu anakuwekea "Sina Makosa" ya Les Wanyika, wale waliojitoa Simba Wanyika mwaka 1978, na wewe umeshausikia harusini mara mia, kwenye matangazo, hata kwenye simu ya mtu inaita. Masikio yameota sugu. Uache kwanza. Tafuta wimbo wa Atomic Jazz au Jamhuri Jazz, bendi za zamani za hapa Tanga, ambao huujui kabisa, vaa spika za masikioni, na usisikilize muimbaji. Fuata besi peke yake mpaka mwisho. Wimbo wa dansi unaweza kufika dakika saba, nane, na mwanzoni utaona kama hauendi popote. Subiri chemko. Pale magita yanapoachiwa, solo inapoanza kuuliza na ridhimu inajibu, ndipo utaelewa kwa nini watu walikuwa wanatembea kwa miguu usiku kwenda dansini. Ukiruka mbele kutafuta chemko hutapata kitu, maana utamu wake uko kwenye kungoja.

Na taarab ya Tanga msiiogope kwa sababu ya neno taarab. Hii siyo ile ya Unguja ya fidla, udi na ganuni, ambayo naipenda pia ila inataka utulivu. Vikundi vya Black Star na Lucky Star viliingiza magita na besi, ukisikiliza vizuri utakuta kiuno kinajua pa kwenda kabla hujaelewa fumbo. Sauti ya Shakila ndani yake, sitajaribu kuieleza. Alifariki 2016 na bado sijasikia mtu anayelalamika kwa upole vile.

Kwa nyimbo mpya nina sheria moja niliyojifunza kwa kuumbuka. Wimbo niliousikia ukumbini nisiutolee hukumu. "Sukari" ya Zuchu ilipotoka mwaka 2021 niliisikia kwenye harusi Makorora, spika zinakoroma, nikatangaza mbele ya meza nzima kuwa huo ni wimbo wa msimu mmoja. Wiki mbili baadaye nimo kwenye bajaji natoka Mabanda ya Papa, mvua inanyesha, dereva ameuweka kwa sauti ya chini, na ndipo nikasikia yale madaha katika kuvuta neno. Nikajiambia, ah, huyu si mtoto wa Khadija Kopa wa taarab! Taarab ilikuwa imekaa mle ndani muda wote, mimi nilikuwa nasikiliza ngoma tu. Sikurudi kwenye ile meza kukiri.

Siyo kwamba napenda kila kitu. Hii midundo ya amapiano inayobandikwa kwenye kila wimbo kama kiraka imenichosha, na singeli kabla ya chai ya asubuhi naiona ni uonevu. Lakini sizifuti.

Ukitaka kutafuta wimbo uliopotea, usimuulize mzee "nani aliimba?" Majina yanatoka haraka. Muulize, "Wimbo huu mliucheza wapi, na nani?" Mzee mmoja muuza kahawa nilimwimbia kipande kwa mdomo, jina la bendi hakulijua, ila alitaja ukumbi, akataja shati alilovaa, akataja binti aliyemkataa, na alipofika kwa yule binti jina la bendi likaja lenyewe. Nilinunua vikombe vitatu siku hiyo na kashata juu.

Ukishaupata, andika jina. Vijana wanaoweka nyimbo kwenye flashi watakupa mafaili mia tano yameandikwa "Zilipendwa 07", "Zilipendwa 08", na kibaya zaidi mengine yana di-jei anapiga kelele za kujisifu katikati ya solo. Hayo usiyakubali, dai wimbo mzima. Kisha kaa jioni moja na mtu mzima anayejua, mwandike bendi, mji, na muimbaji kama anamkumbuka. Kazi inachosha, mimi nimefika nyimbo sitini tu kwa miaka miwili.

Ile kaseti bado ipo. Mwisho wa upande A, Wagosi wanapokatika, imebaki kama nusu dakika ambayo sikuifikia: gita, kishindo kidogo cha besi, na mwanamke anaanza ubeti. Kwa nusu dakika hiyo niliutafuta ule wimbo miaka kadhaa, na mwaka jana nikaupata mzima. Nikauweka kwenye flashi pamoja na mingine ya Lucky Star, nikampelekea shangazi na redio yake mpya ya kuchomeka.

Alisikiliza hadi mwisho, macho amefumba, vidole vinacheza juu ya kanga. Nikangoja aseme kitu.

"Na ule wimbo wako wa wagosi umeuweka wapi?" akauliza. "Miaka yote hii nausikiliza kwenye kanda yangu, leo unaninyima?"