Re: Farasi mzima ila Coggins imetoka positivu

Pole sana ndugu. Umesema uko Texas, Coggins (kipimo cha damu cha anemia ya kuambukiza ya farasi) imeonyesha farasi wako ana virusi, ila anakula vizuri, hana homa, unauliza kama atapona mwenyewe. Haponi, hiyo anemia inakaa maisha, virusi vinabadilisha ganda la nje kila kinga ikivijua, ndo maana homa huenda ikarudi. Ni jamaa wa VVU, watafiti wanavisoma kwa hilo pia.

Leo leo mtenge na wenzake, sheria ya Texas inataka umbali wa yadi 200, nzi wakubwa wanaouma wasimwendee halafu wakaruka kwa mwingine. Sindano iliyotumika usiitumie tena kwa farasi mwingine kabisa, nishaona moja ya vitamini ikizungushwa zizi zima, ncha bado ina damu! Usimuuze wala kumhamisha. Mwite daktari wa mifugo wa serikali arudie kipimo, ikithibitika ni karantini ya maisha au kumuua kwa dawa bila maumivu, na wenzake wote wapimwe.