Jina la Ukoo Kwenye Kibao cha Nyumba ya Mazishi

SWALI: Mhariri, kwa nini kampuni nyingi za mazishi nchini Marekani huitwa kwa jina la ukoo, na je, jina hilo huthibitisha kwamba bado ni mali ya familia?

JIBU: Ndugu msomaji, kazi hiyo ilianzia katika karakana ya seremala. Katika karne ya 19 jamaa walimwosha na kumvika marehemu wao nyumbani, na fundi wa makabati akaombwa jeneza, kisha gari la farasi la kulibebea, hadi hatimaye akakabidhiwa shughuli nzima, na jina la ukoo wake likawa jina la biashara. Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, vya 1861 hadi 1865, vilieneza ufundi wa kuhifadhi maiti kwa dawa.

Familia nyingi ziliishi ghorofani, juu ya chumba cha kuagia, hivyo watoto walijifunza mapema kunyamaza wafiwa wanapoingia na kupokea simu usiku wa manane kwa sauti ya upole. Kwa maoni yangu, malezi hayo yalikuwa urithi mkubwa kuliko jengo lenyewe.

Hata hivyo, jina halithibitishi umiliki. Robert Waltrip, aliyerithi biashara ya mazishi ya familia yake huko Houston, alianzisha mwaka 1962 shirika la Service Corporation International, ambalo limenunua nyumba nyingi za aina hiyo na mara nyingi kuacha jina la zamani mlangoni. Mfiwa na aulize mmiliki ni nani, tena adai orodha ya bei, ambayo ni haki yake chini ya kanuni ya serikali iliyoanza kutumika mwaka 1984.