Kwaya, Kinanda na Kompyuta: Maswali ya Wasomaji

Katika toleo hili tumekusanya barua zinazohusu jambo moja, yaani kuunganisha uimbaji mtakatifu wa kwaya na sauti zinazotengenezwa kwa mitambo ya kielektroniki. Majibu yanatolewa na mwandishi wetu wa safu ya muziki.

Swali: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mwalimu wa kwaya katika parokia moja mkoani Kilimanjaro. Vijana wetu waliosomea muziki wameandaa kwa kompyuta sauti za kusindikiza wimbo wa Komunyo: sauti nzito inayodumu chini ya waimbaji, mwangwi ulioongezwa na midundo laini iliyorekodiwa. Wazee wa kwaya wanasema kuwa huo ni muziki wa disko na kwamba Kanisa limeukataza. Paroko ameniomba nimpelekee shauri. Je, Kanisa linasemaje, na wewe mwenyewe unaonaje?

Jibu: Milele amina, Mwalimu. Wazee wenu wana haki ya kuuliza, kwa maana makatazo yalikuwapo kweli. Tarehe 22 Novemba 1903, siku ya Mtakatifu Sesilia, Papa Pio X alitoa hati ya *Tra le sollecitudini*, na ndani yake alipiga marufuku piano kanisani, pamoja na ngoma, matoazi na vyombo vingine vya makelele. Ningependa wazee waitafakari orodha hiyo kwa utulivu, kwa sababu ngoma, ambayo leo inapigwa katika Misa za Jumapili kuanzia Songea hadi Bukoba bila mtu kuiona kuwa ugeni, imetajwa humo kuwa haifai. Mwaka 1958, huko Kamina katika Katanga, Padre Guido Haazen alirekodi kundi la watoto na walimu wao wakiimba Misa ya Kilatini kwa mitindo ya Kiluba, wakisindikizwa na ngoma, na santuri hiyo ya *Missa Luba* ikasikika mbali sana na Kongo. Miaka mitano baadaye Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema wazi. Hati yake ya liturujia, iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, inataka katika kifungu cha 119 muziki wa asili wa nchi za misioni upewe heshima yake; na katika kifungu cha 120, baada ya kukipa kinanda cha mabomba nafasi ya pekee, inaruhusu vyombo vingine kwa idhini ya mamlaka ya Kanisa ya mahali husika, ilimradi vinafaa au vinaweza kufanywa vifae kwa matumizi matakatifu, vinaendana na hadhi ya hekalu, na kweli vinawajenga waamini.

Kwa kipimo hicho, umeme wenyewe hauna kosa. Kinanda kinachopigwa kila Jumapili katika parokia nyingi nchini ni cha umeme. Laurens Hammond alianza kuuza kinanda chake cha umeme mwaka 1935, na makanisa ya Marekani yasiyomudu kinanda cha mabomba yalikuwa miongoni mwa wateja wake wakubwa. Hata maagizo ya Vatikano ya tarehe 3 Septemba 1958 yalivivumilia vinanda vya namna hiyo, ingawa kwa shingo upande, pale ambapo kinanda cha mabomba hakikuweza kupatikana. Lakini maagizo hayohayo yalikataza kabisa kutumia gramafoni, redio na vinasa sauti katika ibada, yaani kila mashine inayotoa muziki wenyewe badala ya watu. Mimi naona kuwa mpaka wa kweli uko hapo, na nautetea kwa moyo wote.

Sauti nzito inayodumu, ikiwa inapigwa na mpiga kinanda anayeutazama mkono wako, ni usindikizaji kama usindikizaji mwingine wowote. Midundo iliyorekodiwa ni jambo tofauti. Safu ya wakomunikaji ikirefuka, au kusanyiko likishika kiitikio na kukiimba taratibu zaidi kuliko mlivyofanya mazoezi, wewe unaweza kuwafuata waamini na mpiga kinanda anaweza kukufuata wewe. Faili la kompyuta halimfuati mtu, na hapo kwaya nzima, pamoja na kusanyiko, inalazimika kulitumikia. Katika Misa ningeiondoa midundo hiyo bila kusita, nikaibakiza sauti inayopigwa kwa mkono. Katika tamasha la kwaya ukumbini ningewaachia vijana uhuru mkubwa zaidi, na ningewashukuru kwa bidii yao mbele ya wenzao, kwa sababu kijana anayeleta ujuzi wake kwa Mungu hapaswi kurudishwa nyumbani kama mkosaji.

Utakapomwandikia Paroko, usisahau vipindi vya liturujia. Mwongozo mkuu wa Misale ya Kiroma, kifungu cha 313, unataka kiasi wakati wa Majilio, na katika Kwaresima unaruhusu kinanda na vyombo vingine kwa ajili ya kutegemeza uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Sauti zinazoelea peke yake kabla ya wimbo, hata zikiwa nzuri namna gani, hazina nafasi katika kipindi hicho.

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa muziki jijini Nairobi. Rafiki zangu hudai kuwa muziki wa kielektroniki wenye sauti za kwaya ni pambo tu la wapiga disko waliovutiwa na mwangwi wa makanisa. Je, wapo watunzi walioifanya kazi hii kwa uzito, wakiwa na Maandiko au sala moyoni?

Jibu: Wapo, na mmoja wao alikuwa miongoni mwa waanzilishi wenyewe wa muziki wa kielektroniki. Karlheinz Stockhausen alikuwa kijana Mkatoliki aliyefanya kazi katika studio ya redio ya Köln nchini Ujerumani. Kazi yake ya *Gesang der Jünglinge*, iliyosikika hadharani kwa mara ya kwanza tarehe 30 Mei 1956, imejengwa juu ya wimbo wa vijana watatu katika tanuru la moto, Shadraka, Meshaki na Abednego, ambao katika Biblia za Kikatoliki unapatikana katika sura ya tatu ya Kitabu cha Danieli. Alirekodi sauti ya mvulana mmoja akiimba na kutamka mistari ile inayoviita viumbe vyote vimhimidi Bwana, kisha akaisambaza miongoni mwa sauti zilizotengenezwa kwa mitambo: toni tupu zisizo na rangi ya chombo chochote, na mivumo iliyochujwa kwa ukali au kwa ulaini.

Jambo ambalo ningependa mwanafunzi alichunguze ni namna alivyoipatanisha sauti ya mtu na sauti ya mtambo. Stockhausen alitambua kwamba irabu zinakaribiana na toni za mtambo, na kwamba konsonanti kama *s* na *sh* zinakaribiana na mivumo, hivyo akapanga ngazi zinazotoka kwenye neno linaloeleweka wazi hadi kwenye sauti ambayo si neno tena, na kurudi. Mvulana mmoja anakuwa kundi la wavulana, kundi linatawanyika kuwa cheche, na ghafla neno linasimama peke yake likasikika. Mwenyewe alieleza kuwa kila mahali ambapo lugha inachomoza kutoka katika sauti hizo, inamsifu Mungu. Aliitunga kwa makundi matano ya spika, muziki ukiwazunguka wasikilizaji, jambo ambalo bado lilikuwa geni wakati huo. Nimeisikiliza mara nyingi, na bado naamini kwamba tanuru lile halijawahi kusikika kwa ukaribu zaidi.

Baada yake ningekuelekeza kwa Mwingereza Jonathan Harvey. Mwaka 1980, katika IRCAM, taasisi ya utafiti wa muziki jijini Paris, alitengeneza *Mortuos Plango, Vivos Voco* kwa kutumia sauti mbili tu: kengele kubwa kuliko zote ya Kanisa Kuu la Winchester na sauti ya mwanawe, aliyekuwa mwimbaji katika kwaya ya kanisa hilohilo. Maneno anayoyaimba mtoto yameandikwa juu ya kengele yenyewe, nayo yanasema kwamba kengele hiyo inahesabu saa zinazoruka, inawalilia wafu na inawaita walio hai kusali. Kengele kubwa haitoi noti moja. Ndani ya mlio wake zimo noti nyingi, nyingine zikigongana. Harvey aliuchambua mlio huo kwa kompyuta, akachagua noti nane kati ya hizo, akaifanya kila moja kuwa mhimili wa sehemu mojawapo ya utunzi. Kompyuta inamwezesha mtoto kugeuka taratibu kuwa kengele, na kengele kuanza kuimba kama mtoto, huku spika nane zikimfanya msikilizaji ajihisi kana kwamba yumo ndani ya kengele. Hapa mtambo haukuletwa kupamba muziki wa kanisa. Noti zote zinatoka katika kanisa lenyewe, katika shaba yake na katika koo la mtoto wake wa kwaya.

Waambie rafiki zako wazisikilize kazi hizo mbili kwa vipaza sauti vizuri na bila kufanya shughuli nyingine. Zote mbili hazifiki robo saa.

Swali: Bwana Yesu asifiwe. Kwaya yetu ya usharika wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) mkoani Iringa imeanza kutumia sauti za kompyuta pamoja na kinanda. Washarika wanalalamika kuwa hawasikii maneno, na sisi tunajikuta tukiimba nje ya toni. Jengo letu ni la saruji lenye paa la bati. Tufanyeje?

Jibu: Amina. Anzeni na jengo, kwa kuwa ndilo linalowashinda kabla hata hamjafungua midomo. Saruji, vioo na bati hurudisha sauti badala ya kuifyonza. Nguo za watu waliojaa kwenye mabenchi husaidia kufyonza sauti nyembamba, lakini sauti nzito hazizijali, na matokeo yake ni ngurumo inayorundikana. Mwimbaji wa sauti ya nne anayeshuka chini sana huimba noti yenye mitetemo kama 82 kwa sekunde, na ngoma ya kompyuta hutetemeka katika eneo hilohilo au chini yake kidogo. Wanaume wenu wanalazimika kupiga kelele ili wasikike, na wakipiga kelele toni inapotea. Mwambieni fundi mitambo apunguze katika sauti za kompyuta kila kilicho chini ya mitetemo 100, na aziondoe spika kwenye pembe za kuta, kwa maana pembe huzikuza sauti nzito.

Maneno yanapotea kwa sababu nyingine. Konsonanti ndizo zinazomtambulisha msikilizaji neno, na nguvu zake nyingi ziko kuanzia mitetemo 2,000 kwenda juu, mahali ambapo sauti zinazoigiza fidla na zile zinazometameta hupenda kukaa. Zipunguzwe hapo kati ya 2,000 na 4,000, nanyi mtashangaa. Halafu mkague mkazo. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mdundo wa mashine usioujua wimbo wenu ukiligonga neno «utukufu» kwenye silabi ya mwisho, msikilizaji anapokea kitu kisichofanana na neno analolijua, hata kama mmelitamka vizuri. Mtunzi mzuri wa kwaya huliangalia jambo hili tangu anapoandika nota, na hakuna mtambo utakaolirekebisha baada yake.

Kuhusu toni, kwaya inayosikilizana vizuri huiimba *mi* chini kidogo kuliko kinanda kinavyoipiga, kwa tofauti ya takriban sehemu 14 kati ya 100 za nusu toni, kwa sababu hapo ndipo *mi* inapotulia vizuri juu ya *do*. Kinanda kikiishikilia *mi* yake kwa muda mrefu, sikio la mwimbaji linavutwa huku na huku. Basi sauti inayodumu iwe na *do* na *so* peke yake, na *mi* waachieni waimbaji. Mnapofanya mazoezi, mkalisheni benchi la mwisho mtu asiyeujua wimbo, aandike maneno anayoyasikia. Karatasi yake itawaambia mengi kuliko kifaa chochote.

Swali: Sisi ni kikundi cha vijana Dar es Salaam. Tumepata kwenye intaneti rekodi ya kwaya ya Ulaya ikiimba wimbo wa kale wa Kilatini. Mtunzi wake hajulikani na wimbo una karne nyingi. Je, tunaweza kukata kipande na kukiweka katika wimbo wetu?

Jibu: Hapana, msifanye hivyo bila idhini. Melodia ni mali ya wote, lakini rekodi ina wenyewe, na sheria ya Tanzania ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda waimbaji na watayarishaji wa rekodi mbali na mtunzi. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha kundi la Enigma, ambalo mwaka 1990 lilitoa wimbo wa «Sadeness» uliovuma duniani kote. Sauti za Kilatini zilizosikika humo zilitoka katika santuri ya kwaya ya Capella Antiqua München iliyoongozwa na Konrad Ruhland, nazo zilitumiwa bila ruhusa. Hatimaye fidia ikalipwa. Kwangu mimi fedha si sehemu nzito ya kisa hicho. Waimbaji wale walirekodi nyimbo za Pasaka, kisha wakajisikia ndani ya wimbo unaomhusu Marquis de Sade, mwandishi aliyejulikana kwa maandishi ya ukatili na uasherati, na hakuna aliyewauliza kama wanakubali.

Jifunzeni wimbo huo wenyewe na mjirekodi. Melodia za namna hiyo zina mstari mmoja wa sauti, hivyo hata waimbaji watano wanatosha. Mkiihitaji rekodi ya wengine, waandikieni wenye kwaya na watayarishaji wa rekodi, na pamoja na barua wapelekeeni maneno ya wimbo wenu wote, ili wajue sauti zao zitakaa karibu na nini.