Mbao ya upinde: soma nyuzi kwanza, jina la mti baadaye

Mkuu, umeuliza kati ya mpingo, mninga na ipe (mbao ngumu ya Amerika Kusini) uchukue upi kutengenezea upinde, ukasema kuna fundi kakushauri ubebe ulio mzito kuliko yote. Nachonga pinde kwa mbao za kununua, si magogo, na ushauri huo naukubali nusu.

Uzito una maana. Mita moja ya ujazo ya mninga mkavu ina kilo 650 hivi, ipe ni kama 1000, mpingo hufika 1200. Upinde ukivutwa, mgongo wake unavutika na tumbo, yaani upande unaokutazama wewe, linabanwa. Mbao nzito huvumilia kubanwa, ndiyo maana upinde wa ipe unaweza kuwa na upana wa sentimita 3 tu. Wa mninga upe karibu 5, la sivyo utabaki umepinda hata ukishaufungua upote, yaani kamba yake. Ila uzito huohuo ukiuacha kwenye ncha, nguvu zinaishia kuzisukuma ncha na mshale unakwenda kivivu. Ncha zichonge nyembamba bila huruma.

Mpingo nisingehangaika nao. Kupata kipande cha mita 1.8 kilichonyooka ni bahati nasibu.

Sasa, kazi kubwa ni kuusoma ubao wenyewe. Miti mingi ya nchi za baridi ina pete za mwaka zinazoonekana wazi; fundi hufuata pete moja kutoka ncha hadi ncha na mgongo unabaki na nyuzi nzima. Mingi ya kitropiki pete zake hazionekani vizuri, na msumeno hukata nyuzi popote ulipopita. Usidanganywe na michirizi ya rangi, mara nyingi ina njia yake. Tazama vile vistari vifupi vya vinyweleo, yaani vitundu vidogo vya mbao. Vikikimbilia ukingoni, rudisha ubao.

Omba kipande cha mwisho ukipasue kwa patasi; usikikate kwa msumeno. Mpasuko ukienda mshazari, ujue ubao mzima uko hivyo. Kisha pitisha randa. Ukanda mmoja ukilainika na wa jirani ukachanika kwa mpigo uleule, nyuzi zimepishana. Mvule una tabia hiyo sana. Mwisho kunja kijiti chembamba mpaka kivunjike: kikiacha vibanzi virefu, safi, kikikatika kama chaki, achana nacho.

Hata ubao ukifaulu yote hayo, mimi ningebandika upapi wa mwanzi mgongoni. Upande wa ganda nyuzi zake hazijaguswa na msumeno. Vifundo vipunguze kidogo tu, usivisawazishe kabisa. Tena mwanzi ni mbabe, tumbo la mbao laini hulizidi nguvu likapondeka, lakini kwa ipe umekutana na mwenzake.

Ipe ina mafuta, kwa hiyo piga msasa, futa kwa asetoni, paka gundi ya epoksi siku hiyohiyo. Na barakoa uvae, lile vumbi lake la njano linawasha vibaya.

Ukipata ubao tupia picha hapa, ya ubavu, maana uso peke yake hautuambii kitu.