Si kila chafya ni homa ya mafua

SWALI: Ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Newala. Kila anayepiga chafya namwandika mafua, na daftari limejaa kiasi kwamba sioni lini ugonjwa unapanda. Nifanyeje?

JIBU: Chafya usiihesabu. Mwandike mwenye homa ya nyuzi 38 au zaidi, anayekohoa, aliyeanza kuumwa ndani ya siku 10 zilizopita. Ndicho kigezo cha Shirika la Afya Duniani. Kiganja hakipimi homa, tumia kipimajoto, na uulize kwanza kama amemeza dawa ya kushusha homa. Huko kwenu kuna mtego mwingine: wakati wa kupulizia mikorosho salfa, vumbi lake hukoholesha nyumba nzima bila homa. Hao wasiingie. Mwenye homa apimwe malaria vilevile, hata akikohoa.

Kila wiki gawanya idadi ya uliowaandika kwa wagonjwa wote uliowaona: 6 kati ya 80 ni asilimia 7.5. Idadi tupu hupanda hata siku ya mnada tu, kwa kuwa watu wanaofika ni wengi.

Aliyechanjwa chanjo ya mafua, andika tarehe, si “ndiyo”. Kinga huchukua wiki 2 hivi kujengeka. Akiugua siku ya tano, tafadhali usiilaumu chanjo.