Unapost simulizi bure? Sawa, ila andika masharti

Waandishi wenzangu mnaopost simulizi Facebook na kwenye magrupu ya WhatsApp, kutoa kazi bure sio tatizo, tatizo ni kuitoa bila kusema umeitoa kwa masharti gani. Mimi wasomaji wangu karibu wote wametokana na episodi za bure, mtu anasoma sehemu za mwanzo anakolea, akitaka mwisho anatuma hela M-Pesa namrushia pidiefu, basi. Hao watu mchapishaji asingeniletea, maana mswada ungekaa kwake weee na jibu hupati.

Ila kazi ikishatoka inazunguka, na kuna watu wanakopi wanafuta jina lako wanaweka lao, ukiwauliza wanakwambia si umeiweka bure mwenyewe. Hapana jamani! Kwa sheria ya Tanzania ya 1999 hakimiliki unayo tangu unapoandika, kusomwa bure hakuifanyi kazi iwe ya kila mtu. Kwa hiyo jina lisikae juu tu, liingize na katikati ya kila sehemu, mwizi apate kazi ya kulitafuta.

Halafu zipo leseni za Creative Commons, yaani ruhusa zilizoandikwa tayari ambazo unazibandika kwenye kazi yako kusema watu waitumie kwa masharti gani, zimeanza 2002, hazina malipo, na sisi wengi hata hatuzigusi. Ukiandika CC BY umeruhusu yeyote aichukue, aitafsiri, hata aiuze, mradi akutaje. Ukiongeza NC, biashara hapana. Ukiongeza ND haruhusiwi kusambaza iliyobadilishwa, na tafsiri inahesabika humo humo, so kama unatamani hadithi yako isomwe Kiganda au Kinyarwanda, ND achana nayo. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, unaendeshwa kwa leseni za aina hii: hadithi za watoto kwa lugha kibao za Afrika na Kiswahili kimo, mwalimu anashusha anaprinti bila kumwomba mtu ruhusa. Za watoto mimi natoa hivyo kwa moyo mweupe kabisa, watoto wetu vitabu vya kusoma hawana. Riwaya sitoi.

Na kabla hujabandika leseni tulia kwanza ufikirie, kwa sababu hairudi nyuma, aliyechukua kazi chini ya leseni hiyo ataendelea kuitumia kihalali hata ukibadili mawazo mwakani. Kama una ndoto ya kuichapa kitabu, ongea na mchapishaji kabla hujapost, wapo wasiotaka kabisa kazi iliyokwisha kuzagaa mtandaoni na wapo wanaoitaka kwa sababu tayari ina wasomaji, muulize huyo wako anasimamia wapi.